Pweza, mshale mmoja, na dakika 40 za watu kula chipsi

Ngoja niwape stori ya jinsi nilivyoharibu mchezo wangu mwenyewe kwa miezi kama mitatu hivi, afu muda wote huo lawama nikawa nawatupia wengine. Mi ndo DM wa kundi letu la Dungeons & Dragons, tunacheza Jumamosi jioni sebuleni kwangu Tabata, watu watano, na kabla hujacheka DM hapa siyo ile ya kuingiliana inbox, ni yule anayeendesha mchezo: anasimulia dunia ikoje, anacheza maadui wote, wengine kila mtu ana mhusika wake mmoja. Unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wako, ukifika namba inayotakiwa umepata. Basi. Mengine yote ni kubishana.

Na tunabishana kweli. Vitabu vya Kiingereza, mabishano ya Kiswahili, kwa hiyo maneno mengine tumejitungia wenyewe. Mama mwenye nyumba siku za mwanzo alikuwa anasikia "mchawi wangu anarusha moto" na "we mvizie huyo mlinzi, mi namalizia" saa nne usiku, akaja kumuuliza mke wangu kwa adabu zote kama kuna jambo. Mke wangu akamwambia hamna mama, wana kampeni yao. Mama akauliza, ya chama gani?

Sasa kila kundi lazima liwe na roge. Wetu mwanzoni tulikuwa tunamwita kibaka, ila roge siyo mwizi tu, ni mtu ambaye hana ubavu wa kusimama uso kwa uso na zimwi, anaishi kwa kunyata, kujibanza, na kupiga pale adui hajakaa sawa. Hilo pigo lina jina lake na hesabu yake kwenye sheria, sisi tunaliita kuvizia. Kwenye toleo la 2014, ambalo ndo tulianza nalo, roge akiwa na advanteji, yani anarusha ile dadu ya 20 mara mbili anachukua kubwa, au kama kuna mwenzake yuko ndani ya futi 5 na yule adui, basi pigo likipata anaongeza dadu za pande 6 kwenye dameji, yani maumivu anayompa adui. Levo 1 dadu moja, levo 3 mbili, levo 5 tatu, inapanda hivohivo mpaka levo 19 anakuwa nazo 10. Mara moja kwa zamu, na silaha iwe ya wepesi wa mkono kama kisu au upanga mwembamba, au ya kulenga kwa mbali kama upinde.

Roge wetu alimpa mhusika wake jina Pweza. Sababu aliyotoa ni kwamba pweza anabadilika rangi akijibanza kwenye jiwe humuoni. Sababu ya kweli ni kwamba siku anaandika ile karatasi alikuwa ametoka kunywa supu ya pweza na alikuwa anaisifia mpaka tukachoka.

Levo 3 roge anachagua njia, Pweza akachagua asasini, muuaji wa siri. Kwa 2014 asasini ana kitu kimoja kibaya sana: adui akiwa ameshtukizwa, hajui hata kama kuna vita, pigo lolote likimpata ni kriti moja kwa moja, na kriti kwenye mchezo huu ni kwamba dadu zote za dameji zinarushwa mara mbili, na zile za kuvizia zikiwemo. Nilisoma, nikaona sawa, haya.

Sasa wiki hiyo nilikuwa nimeandaa bagibea. Ni zimwi la manyoya, refu, HP 27, yani uhai wake, ngao yake 16, ndo namba ya kufikisha kwenye dadu ili umpate, kwa watu wa levo 3 ni mtu wa kuheshimiwa. Nilimpa jina, nilimpa sauti nzito nikawa nafanya mazoezi bafuni, nikampa na hotuba fupi ya vitisho. Kundi likafika mdomo wa pango. Pweza akasema, "Natangulia mi, nyie kaeni hapa." Nikamwambia poa, rusha kunyata. Akarusha. Akaniuliza kuna nini kwenye kona, nikamjibu, akarusha tena, akapanda juu ya mwamba, akarusha tena, akachungulia, akasikiliza mlangoni, akarudi nyuma kidogo, akaenda upande mwingine. Mwisho akawa juu kabisa, bagibea yuko chini anakula mguu wa mbuzi. "Namlenga na upinde."

Dadu sita. Moja ya mshale, mbili za kuvizia, zote mara mbili. Zikaanguka 6, 5, 5, 4, 3, 2. Ishirini na tano, jumlisha 3 za wepesi wake, 28.

Bagibea ana 27.

Hotuba sikuisoma. Faita wetu, yule mpiganaji wa uso kwa uso, jamaa mkubwa hivi na mhusika wake pia ni mkubwa hivi, akaweka chini soda akaniangalia. "Sasa sisi tumekuja kufanya nini, kaka?"

Ikawa ndo wimbo wa kila Jumamosi. Pweza anatangulia, Pweza anarusha, mkubwa wa pale anakufa au anabaki nusu, sisi wengine tunaokota vidogo vidogo. Faita akawa anamaindi waziwazi, na mi kama DM nikawa naona kila nachoandaa kinaisha kabla hakijaanza. Kwa hiyo nikafanya ambacho DM wengi tunafanya tukibanwa, nikachukua kisu nikaanza kukata. Nikatangaza kwamba kuanzia leo kuvizia ni lazima uwe umejificha NA uwe nyuma ya adui, ile habari ya mwenzako kuwa karibu futi 5 haihesabiki, imefutwa. Pweza akasema sawa. Akasema sawa kwa sauti ile ambayo mkeo akisema sawa unajua siyo sawa.

Na hapohapo, ili mambo yawe mazuri zaidi, nikawapeleka makaburini. Mifupa inayotembea, maiti wanaofufuka. Mi nilikuwa nimesoma mahali kwamba maiti hawaviziwi, hawana moyo wala figo za kuchoma, nikasema kuvizia hakufanyi kazi humu. Ni kweli ilikuwa sheria, ila ya toleo la mwaka 2000, kwenye 2014 haipo kabisa. Jumamosi tatu Pweza alikuwa anachoma mifupa kwa upanga wake mwembamba kama mtu anayetoboa viazi.

Ngoja niwape hesabu maana hapa ndo nilipojiona mjinga. Wameshafika levo 5, adui mwenye ngao 15. Wote wawili, faita na roge, wanajumlisha 7 kwenye dadu, kwa hiyo wakipata 8 kwenda juu wamepiga, ni namba 13 kati ya 20, asilimia 65. Faita ana panga la mikono miwili, wastani wa pigo ni 11, na levo 5 anapiga mara mbili kwa zamu. 22 mara asilimia 65, inakuja 14 na kitu. Roge anapiga mara moja tu: upanga 4.5, wepesi 4, kuvizia dadu tatu ni 10.5, jumla 19. Mara asilimia 65 ni 12 na kitu. Yani kwenye vita ya kawaida, akiwa na kuvizia kwake kote kamili kama kitabu kinavyosema, roge yuko CHINI ya faita. Akipata advanteji ndo anampita kidogo, anafika 16 na nusu hivi, na bado akikosa amekosa zamu nzima wakati faita akikosa moja ana nyingine. Na faita ana ile ya kujikaza mara moja akapiga mara nne, sijaiweka humu.

Sasa toa kuvizia. Pweza wangu, kwa sheria yangu ya busara, alikuwa anabaki na 8.5 mara asilimia 65. Tano na nusu. Faita 14, roge 5 na nusu, na roge hana hata zile nguo za chuma. Ile ya mwenzako kuwa futi 5 siyo bonasi ya kumpendelea mtu, ndo mshahara wake. Waliotunga waliipigia hesabu wakijua ataipata karibu kila zamu, mi nikaona ni posho nikaikata.

Kuna mshkaji ana vitabu vya matoleo ya zamani akaniazima, nikakaa navyo wiki nzima, na aisee watu hawa wamebishana hiki kitu tangu sijazaliwa. Mchezo wenyewe ulitoka 1974, mwizi akaingia 1975 kwenye kitabu cha nyongeza. Kwenye kitabu cha 1978 kuvizia kulikuwa ni kumpiga mtu kwa nyuma bila yeye kujua, unajumlisha 4 kwenye dadu, na dameji inazidishwa mara mbili, ukipanda levo mara tatu, mara nne, mpaka mara tano. Lazima nyuma, lazima hajui. Nikacheka peke yangu, maana ile sheria niliyojiona nimeigundua kumbe nimeenda kufukua ya 1978, tena mimi nikaacha na ile 4 yake. 2000 wakaleta hizi dadu za pande 6, ukimweka adui kati wewe na mwenzako unavizia, na unavizia kwa kila pigo, siyo moja. 2008 wakaifunga mara moja kwa raundi, yani mpaka watu wote wamalize zamu zao. 2014 mara moja kwa zamu. Kila toleo wanavuta kamba huku, wanalegeza kule, na ukifuatilia utaona wanaenda upande mmoja tu: roge apate kuvizia kwake mara nyingi lakini kwa kiasi kidogo, badala ya mara moja kwa wiki kwa mlipuko.

Nikarudisha sheria ya kitabu. Nikaomba radhi. Pweza akafurahi, na Jumamosi ileile akaua mkuu wa majambazi... hapana, hakumuua, mkuu wa majambazi ana HP 65, alimtoa 35 kwa mshale wa kwanza. Faita akaweka soda chini.

Kwa hiyo hesabu inasema roge yuko sawa na meza inasema roge siyo sawa. Hapo nilikwama kabisa.

Aliyenifungua ni dada anayecheza paladini, askari wa dini. Ye huwa haongei sana, anakaa upande wa mlangoni kwa sababu lazima awahi daladala, saa anaiangalia kuliko wote. Siku hiyo tunakusanya sahani za chipsi akaniambia, "Kaka, mi Pweza akiua siyo shida yangu. Ila leo ametangulia nimevaa earphone, nimemaliza epsodi nzima ya tamthilia, na matangazo. Nimevua, bado yuko kwenye paa."

Dakika arobaini. Watu watatu wamekaa, wanakula, wanachati, wanasubiri mtu mmoja na mimi tuongee. Na mi nilijua! Ndo kinachoniuma, moyoni nilikuwa najua wamechoka, na kwa sababu nilikuwa najua, nilikuwa nawaonea huruma, na ile huruma ndo ilikuwa inavunja mchezo. Ngoja nieleze.

Pweza akiwa ametangulia, wenzake wako nyuma futi 120 labda. Akishapiga ule mshale, mi kwa vile watu wamesubiri sana nilikuwa nasema tu "haya, nanyi mmefika, kila mtu aseme anafanya nini." Wamefikaje? Mtu anatembea futi 30 kwa zamu, akikimbia bila kufanya kitu kingine 60. Futi 120 ni raundi mbili za mbio hujarusha hata jiwe. Raundi mbili ambazo Pweza alitakiwa awe peke yake na genge zima lililoamka. Hiyo ndo ilikuwa bei ya ule mshale, iko kwenye sheria wala haikuhitaji kutungwa, mi nilikuwa naifuta kila wiki kwa roho nzuri, na baadae nalalamika bidhaa ni ya bure.

Ya pili ni hiihii. Kwa kuwa dakika 40 zimeenda, Pweza akisema "nalenga" nilikuwa namwambia rusha, upesi, tuendelee. Anapiga kwanza, afu ndo watu wote wanarusha dadu ya kupanga zamu. Kitabu hakisemi hivo. Kitabu kinasema unaangalia kwanza nani ameshtukizwa, wote wanarusha dadu ya zamu, hata aliyeshtukizwa, ye zamu yake ya kwanza ikifika anaduwaa tu hafanyi kitu, lakini zamu ikishapita hajashtukizwa tena. Kwa hiyo bagibea akipata namba kubwa kuliko Pweza, anaduwaa, anatoka kwenye kuduwaa, afu ndo mshale unakuja: kuvizia bado yupo nako kwa sababu amejificha, ila ile kriti ya bure hamna. Dadu tatu badala ya sita. Mi nilikuwa nampa sita kila siku kama mshahara wa serikali.

Yani nilikuwa nampa Pweza vitu viwili ambavyo siyo vyake, alafu namnyang'anya kimoja ambacho ni chake. Na vyote vilitoka kwenye zile dakika.

Nilibadilisha nini? Kwanza nilitafuta daftari la hesabu la mwanangu, lile la miraba, nikachana kurasa za katikati nikaziunga na gundi. Mraba mmoja futi 5. Vifuniko vya soda ndo watu, Pweza ni kifuniko cha rangi ya chungwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunacheza kwa kusimulia tu kichwani, na kichwani mtu yeyote anaweza kuwa karibu. Kwenye karatasi hawezi, unahesabu miraba mbele za watu wote.

Jumamosi ya kwanza na karatasi walikuwa wanaingia kambi ya hobgoblini. Hawa jamaa peke yao siyo tishio, HP 11, ila ngao 18, na wana tabia moja ambayo nilikuwa sijawahi kuitilia maanani: hobgoblini akikupiga huku mwenzake yuko ndani ya futi 5 na wewe, anaongeza dadu mbili za pande 6 mara moja kwa zamu. Unaona hiyo ni nini? Ni kuvizia! Pweza akatangulia kama kawaida, nikasogeza kifuniko chake miraba 24 mbele ya wenzake, akaangalia ule umbali, akaniangalia mimi, akasema "poa tu." Wakarusha dadu za zamu. Mshale ukapata, hobgoblini mmoja chini. Wakabaki watano. Wawili wakamfikia, mmoja kulia mmoja kushoto, ngumi ya kwanza... upanga wa kwanza yani, nikarusha dadu zangu mbili za ziada kwa raha ambayo siwezi kuificha. "Wewe! Wanavizia!" Mkuki kwa nguruwe. Alikuwa na HP 33, faita anafika pale anahema kabaki na 4, na ndo mara ya kwanza kwa miezi mitatu nilimuona faita anacheka mpaka anapiga magoti. Paladini akamwekea mkono akamponya, earphone ziko mfukoni.

Na Pweza mwenyewe, hii ndo sikutegemea, alifurahi kuliko wote. Aliniambia baadae kwamba zile kriti za mwanzo zilikuwa tamu wiki mbili tu, baada ya hapo alikuwa anajisikia kama anacheza peke yake na sisi tunamtazama.

Pili nikaweka kikomo kwenye kutangulia. Dadu moja ya kunyata, namsimulia anachokiona, maswali mawili, basi, narudi kwa wengine nawauliza nyie mnafanya nini muda huu. Akitaka zaidi kwenda mbele, zamu ijayo. Sikuandika popote, ila dakika 40 zikawa 6 au 7.

Tatu, na hii ilikuwepo kitabuni siku zote, kunyata kwa kundi. Wote wanarusha, nusu wakifaulu kundi zima limefaulu. Mi nilikuwa siitumii kwa sababu paladini ana nguo za chuma, anarusha mara mbili anachukua ndogo, nikawa naona atawaponza. Kumbe Pweza na mchawi wakifaulu wanawabeba wawili waliobaki. Picha ya paladini ananyata na ndoo za chuma mwilini huku Pweza anamshikia mkono ni picha ambayo kundi letu linaipenda hadi leo. Kwenye kushtukiza kwenyewe lakini huwa narudi kwa kila mtu na dadu yake, maana adui akimsikia mmoja tu kashajua kuna jambo.

Kuna sehemu nilizidisha, lazima niseme. Nilisoma kwamba mbwa ana pua, akinusa anakuwa na advanteji, na advanteji kwenye macho ya kawaida, ile namba ya mtu ambaye hatafuti kitu ila yuko macho, inaongeza 5. Mbwa mkubwa wa ulinzi ana 13, akinusa ni 18. Nikaona dawa hii. Nikaweka mbwa kwenye kambi. Nikaweka mbwa kwenye ghala. Nikaweka mbwa kwenye jumba la tajiri, kwenye meli, kwenye hekalu. Kwenye hekalu mchawi akaniuliza, "Bro, dunia yako hii kila mtu anafuga mbwa?" Wakaanza kutembea na nyama mfukoni. Mbwa ni sawa mara moja moja, ukiweka kila mahali umemwambia roge usicheze roge.

Na kitu kingine nilichokuwa namdhulumu bila kujua ni giza. Tulikuwa tunaona kwamba goblini na hobgoblini wanaona gizani, basi kumnyatia haiwezekani. Umeme ukakatika katikati ya mchezo, siku moja mwezi wa nne mvua zinanyesha, tukawasha tochi ya simu tukaiweka chini ya chupa ya maji iangaze meza. Dadu ikadondoka chini ya kochi. Tunaona, siyo kwamba hatuoni, ila kuitafuta dadu nyeusi kwenye kapeti la kahawia kwa mwanga ule ilichukua dakika tano za watu wazima wanne kwa magoti. Nikaenda kusoma tena: anayeona gizani, giza kwake linakuwa kama mwanga hafifu tu, na kwenye mwanga hafifu macho yake yana disadvanteji, kinyume cha advanteji, toa 5. Hobgoblini mwenye 10 anakuwa na 5. Pweza alikuwa anastahili hiyo tangu pango la bagibea.

2024 vitabu vipya vilipotoka tukachukua baadhi ya vitu, siyo vyote. Ule ushtukizaji wamelainisha, sasa aliyeshtukizwa anarusha dadu ya zamu kwa disadvanteji tu, haduwai, na asasini hana tena kriti ya bure, kwenye raundi ya kwanza kuvizia kwake kunaongeza dameji sawa na levo yake. Ila tulichokipenda ni kwamba levo 5 roge anaweza kuacha dadu moja ya kuvizia akanunua kitu: amwangushe adui chini, ampake sumu, au ajitoe pale bila kupigwa kwa mgongo. Pweza alianza kuangusha watu. Adui akiwa chini, faita na paladini wakiwa karibu wanapiga kwa advanteji. Dadu moja ya Pweza, 3.5 tu, inakuwa furaha ya watu wawili. Kwa macho yangu hiyo moja inafanya kazi kuliko marekebisho yangu yote ukijumlisha na mbwa.

Lakini aliyemaliza ugomvi siyo kitabu kipya wala mimi. Ni faita. Alikuwa na mbinu moja ya tangu 2014 ambayo hakuwahi kuigusa, anaacha pigo lake moja, anamwamuru mwenzake apige hapohapo nje ya zamu yake, na anamwongezea dadu yake ya pande 8. Akaniuliza kwa kunong'ona kama mtu anayeuza kitu cha magendo: kuvizia si mara moja kwa ZAMU? Siyo kwa raundi? Nikamwambia zamu. Kwa hiyo Pweza akipiga kwenye zamu yangu mimi...? Nikafungua kitabu, nikasoma mara mbili, nikafunga. Inaruhusiwa. Faita anaacha pigo la 11, Pweza anapiga la 23 na nusu. Jamaa aliyeniambia miezi yote ile nimpunguze Pweza ndo sasa anasimama sebuleni kwangu anapiga kelele "Pweza, PIGA!" na ukutani upande wa pili mama mwenye nyumba anagonga mara mbili, maana yake saa nne imepita.

Sasa hivi wako levo 8. Jumamosi hii wanaingia ngome ya mfanyabiashara mmoja wa chumvi, kuta ndefu, walinzi kumi na wanne, mienge kila futi 40 na giza katikati. Mbwa nimeweka wawili tu.